Joto la Dubai si joto la Kariakoo

Anayejiandaa kufuata mzigo Dubai kwa mara ya kwanza hupewa ushauri wa mavazi na kila anayekutana naye hapa Kariakoo. Mimi ni fundi cherehani, nawashonea wasafiri, na ushauri huo huishia mezani kwangu. Mwingi unapotosha.

"Mtu wa Dar keshazoea joto." Hili ndilo linaloponza wengi. Februari yetu mchana huwa nyuzi 32 hivi, na ngozi ya mtu ina kama 35. Kwa hiyo hewa yetu, hata ikitutesa kwa unyevu, bado haijaizidi ngozi, na upepo wa bahari ukivuma unapata nafuu. Dubai, Julai na Agosti, mchana hupita nyuzi 40. Hapo hewa yenyewe inakuongezea joto, na upepo ukivuma ni kama mtu kafungua tanuri la mikate mbele ya uso wako. Kinachokupoza ni jasho linapokauka, basi.

"Kama ni hivyo, vaa kaptura na singlendi." Hapa Dar nguo hizo zinasaidia, maana mwili unapata hewa. Kule, ngozi iliyo wazi inapigwa na jua moja kwa moja na kunyonya joto la hewa pia. Watu wa jangwani hawakuanza kujifunika juzi. Nguo pana ndefu ni kivuli unachotembea nacho, nao uwazi kati ya kitambaa na mwili unapitisha hewa inayokausha jasho.

"Baibui jeusi litakuua." Kina mama wananiuliza hili kuliko jingine lolote, na nawaelewa, kwa sababu kitambaa cheusi kweli kinashika moto zaidi juani. Lakini mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya watafiti waliotaka kujua kwa nini Mabedui huvaa majoho meusi. Kitambaa cheusi kilipata joto zaidi ya cheupe, ila joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa. Ile ziada ilipotelea njiani, kabla ya kuufikia mwili. Siri iko kwenye upana. Baibui la nailoni lililobana mapaja na kwapa halina pa kupitishia hewa, na hilo litakutesa hata likiwa jeupe. Ndiyo maana mteja akiniambia "fundi, nibanie kidogo kiuno", na safari ni ya Agosti, nabishana naye.

"Usipotoka jasho, mwili uko salama." Hapana. Riyadh, mbali na bahari, hewa ni kavu na jasho hukauka kabla hujaliona; shati ni kavu huku maji yanakutoka. Dubai iko pwani, na majira ya joto unyevu wake unaweza kukulowesha kama uko Feri, pale ufukweni Dar. Miji yote miwili ni ya jangwa, lakini dalili hazifanani. Kote, kunywa maji usingoje kiu.

"Sweta la nini?" Januari usiku Dubai hushuka hadi nyuzi 14 hivi, wakati usiku wetu wa Julai ni kama 19. Na hata Agosti, viyoyozi vya maduka makubwa na treni ni vikali. Ukiingia na nguo iliyolowa jasho utatetemeka. Mtandio mzito au koti jepesi kwenye mkoba vinatosha.

Vijana wanaokwenda kufanya kazi za nje wajue hili pia: kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, sheria ya Falme za Kiarabu inakataza kazi za juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9 alasiri. Kama serikali yenyewe inawatoa watu juani, nawe ukienda kununua mzigo, saa hizo kaa ndani.

Wiki hii nina baibui la mama mmoja anayesafiri mwezi wa nane. Amechagua jeusi, pamba nyepesi. Nimemwongezea inchi nne chini ya kwapa, na amekubali.