Tagi si watu wanne kupigana kwa mpigo

Tagi ni pambano la mieleka kati ya timu mbili, ambapo kila timu ina mtu mmoja tu aliye halali ulingoni, na mwenzake anapata haki ya kuingia pale tu anapoguswa mkono na yule anayetoka. Maana yake inaishia hapo. Idadi ya watu si sharti: timu inaweza kuwa na wawili, watatu hata watano. Sharti ni mguso.

Tatizo ni kwamba neno hili limeshageuka jina la kila vurugu la watu wanne. Hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo mpaka Katuba, vijana wanne wakikaa kwenye lupango, yaani ua wa nyumba, na karata za mieleka, wanajigawa wawili wawili, wanasema wanacheza tagi, kisha wote wanne wanarusha karata, kila mmoja akimshambulia anayemtaka. Hakuna anayengoja, hakuna anayeguswa, hakuna anayeokolewa. Huo ni mchezo, tena una raha yake, ila si tagi.

Mkanganyiko huu una vyanzo viwili vinavyoeleweka. Cha kwanza ni Kifaransa, ambacho kwa miaka mingi kimeliita pambano hili katchi ya wanne, yaani mieleka ya wanne. Mtu akisikia hivyo anahesabu vichwa na kusahau kanuni. Cha pili ni televisheni. Mapambano ya timu yaliyopendwa kuliko yote ni yale ya meza, ngazi na viti, yaliyozikutanisha timu tatu za wawili wawili, Hardy Boyz, Dudley Boyz, na Edge na Christian, kwenye maonyesho makubwa ya mieleka: SummerSlam ya 2000, kisha WrestleMania ya 2001 kule Houston. Mikanda ya timu ndiyo iliyoshindaniwa, ni kweli. Lakini katika mapambano hayo mguso uliondolewa kwa makusudi, na wote sita walikuwa ulingoni tangu kengele. Aliyejifunza tagi kutoka kwenye video hizo amejifunza kutoka kwenye pambano lililoifuta tagi.

Tuangalie basi kona yenyewe. Kwenye nguzo ya kona imefungwa kamba fupi, haifiki urefu wa mkono. Anayengoja anasimama nje ya kamba za ulingo, ukingoni, mkono mmoja umeshika kamba ile fupi, mwingine ameunyoosha ndani. Akiiachia ile kamba na kukimbilia katikati ili aguswe, mguso hauhesabiki. Mwamuzi asipouona, hauhesabiki pia. Ukikubaliwa, anayetoka ana muda wa mwamuzi kuhesabu mpaka tano ili aondoke. Sekunde hizo chache ndizo pekee ambazo wenzi wawili wanaruhusiwa kumshambulia mtu mmoja. Kisha ni mmoja kwa mmoja tena. Anayeweza kumbana mpinzani mabega chini kwa hesabu ya tatu ni yule halali tu, na anayeweza kubanwa ni yule halali tu. Mwenzi akivamia ulingo anaweza kuivunja hesabu, lakini hata akimlalia mpinzani dakika nzima mwamuzi hatapiga mkono sakafuni.

Kwa hiyo pambano zima linachezwa juu ya umbali. Timu ya wabaya inamburuta mpinzani mpaka kona yao na kumfungia huko, wanabadilishana mara kwa mara ili kila anayeingia awe na pumzi mpya, na yule mnyonge anabaki kutambaa kuelekea mkono ulionyooshwa upande wa pili. Mara anafika, mwamuzi kageuzwa macho, mguso haujaonekana, na mwenzake anarudishwa nje. Watu uwanjani wanapandwa na hasira kwa sababu wanaijua kanuni. Ondoa mguso, na utakuwa umeondoa kutambaa, hila na wokovu kwa pamoja.

Sasa karata. Nitatumia Raw Deal, mchezo uliotolewa na Comic Images mwaka 2000, kwa kuwa hesabu zake zinaonyesha vizuri kwa nini kungoja kuna maana. Kila mchezaji ana mwanamieleka wake na rundo la karata 60 liitwalo Arsenal. Rundo hilo ndilo uhai. Ukipigwa pigo la madhara 6, unafunua karata sita za juu na kuzitupa kwenye rundo la nje, Ringside. Ikitokea kati ya hizo karata inayoweza kuligeuza pigo lile, madhara yanakoma hapo na zamu ya mpigaji inaisha. Ukitakiwa kufunua na hakuna kilichobaki, umebanwa. Mapigo yaliyofanikiwa hubaki mezani mbele ya mpigaji, na jumla ya madhara yake ni Fortitude, nguvu inayomruhusu kutumia mapigo makubwa zaidi.

Angalia jambo moja hapo: hata kuvuta karata mwanzoni mwa zamu kunapunguza Arsenal. Kukaa ulingoni kunakula uhai wako hata usipopigwa. Hivyo anayesimama kwenye kona asivute. Wengi hufanya kinyume, wanamwachia anayengoja avute kila zamu “asije akachoka kukaa”, na matokeo yake anaingia na karata kumi na tano mkononi huku Arsenal yake imepungua kwa kiasi hichohicho. Hajapumzika. Amezeeka kwenye kona.

Kwa meza inayotaka tagi ya kweli, utaratibu ufuatao unatosha. Wachezaji wanne, kila mmoja na Arsenal yake ya 60, eneo lake la mezani na Fortitude yake. Katika kila timu mmoja ni halali. Yeye ndiye anayevuta, anayepiga na anayepigwa. Mguso unafanyika ndani ya zamu yako mwenyewe tu: unatupa karata moja kutoka mkononi, zamu inaisha, na tangu hapo mwenzako ndiye halali, yaani pigo linalofuata litamkuta yeye, na karata zake za kugeuza ziko tayari. Aliyetoka hawezi kuguswa arudi katika zamu inayofuata papo hapo. Akiruhusiwa hilo, timu itacheza chenga ya kuingia na kutoka na hakuna atakayebanwa.

Kwa nini ndani ya zamu yako tu? Kwa sababu hapo ndipo kutambaa kunapozaliwa mezani. Katika Raw Deal mpigaji anaendelea kupiga, pigo baada ya pigo, mpaka ageuzwe au aamue kuacha. Ukiwa chini hujafika zamu yako, huwezi kugusa. Lazima kwanza upate karata ya kumgeuza, mkononi au ndani ya zile zinazofunuliwa. Na ukishapata zamu kuna uamuzi mgumu: piga kwanza kisha uguse, au gusa mara moja? Ukipiga na pigo likageuzwa, zamu imekwisha, mkono wa mwenzako umebaki hewani. Meza inayoruhusu kugusa wakati wowote inaua uamuzi huo, na ndio mtamu kuliko yote.

Wapinzani wapewe njia ya kukata ulingo. Inatosha kwamba aliye halali upande wao akitupa karata mbili mguso unafutika, na wewe unaendelea na zamu yako. Bei ya mbili kwa moja inazuia mtu kufanya hivyo kila mara.

Uokoaji uwe mara moja kwa kila mchezaji katika pambano zima: pigo likiwa katikati, anayengoja anaingia, na madhara yaliyobaki yanafunuliwa kutoka Arsenal yake yeye. Hapati Fortitude kwa hilo, hawi halali, anarudi konani. Na Arsenal ya aliye halali ikiisha wakati anatakiwa kufunua, timu nzima imeshindwa, hata kama mwenzake ana karata 50 hajazigusa. Hapo ndipo wengi hubisha: eti na huyo wa pili amalizwe kwanza. La. Pambano ambalo kila mmoja hutolewa peke yake mpaka upande mmoja uishe lipo, ni lile la kutoana lililokuwa moyo wa onyesho la Survivor Series tangu 1987, watano kwa watano, na jina lake ni jingine.

Vipaji vya wanamieleka, yaani uwezo maalumu wa kila mmoja kwenye karata yake, ndivyo vinavyoharibu meza haraka. Kane, kwa mfano, mwanzoni mwa zamu yake humfanya mpinzani afunue karata moja bila kupigwa. Akiachwa afanye hivyo hata akiwa konani, mpinzani anavuja kila mzunguko kwa kazi ya mtu ambaye hayumo ulingoni. The Rock naye hurudisha karata kutoka Ringside mpaka chini ya Arsenal yake. Akiruhusiwa kufanya hivyo kila zamu akiwa nje, anapona bure. Kipaji kilale mwenyewe akiwa nje. Fortitude nazo zisijumlishwe. HHH (Triple H) anaanza na karata 10 mkononi bila kipaji chochote, Mankind anaanza na 2 lakini anavuta mbili badala ya moja. Wakijumlishiwa nguvu, HHH anajenga msingi na Mankind anaingia akiwa mbichi na mapigo ya kumalizia tayari. Mwenzi wako anakupokea nafasi tu, kama kijiti cha mbio za kupokezana. Misuli yako hapewi.

Yale mengine yana majina yake. Wanne wakipigana wote kwa wakati mmoja bila mguso, hiyo ni tornado. Wawili wakimkabili mmoja, hilo ni pambano la mizani isiyo sawa, na hata hapo mara nyingi wale wawili bado wanatakiwa kugusana. Watatu wakimiliki mkanda wa timu na wawili wowote kati yao wakaruhusiwa kuutetea, hiyo ni kanuni ya Freebird, iliyopewa jina la kundi la Fabulous Freebirds, na bado ndani ya ulingo anabaki mmoja kwa wakati.

Vijana wa lupangoni wasiache mchezo wao basi. Tornado ya karata inakwenda mbio na haimwachi mtu akae bure, na kwa jioni fupi huenda ikawafaa zaidi. Waiite tornado tu. Na siku yaya mmoja, yaani mkubwa wao, akisema “leo tagi”, kabla ya karata ya kwanza kuvutwa aulizwe nani yuko ulingoni na nani yuko kwenye kona.