Je, Angry Birds ulikuwa mchezo wa kwanza wa watengenezaji wake?

Wengi huamini kwamba Angry Birds, ule mchezo wa simu wa ndege wanaorushwa kwa manati, ulibuniwa na vijana wachache waliobahatika kwa jaribio lao la kwanza. Ni rahisi kuamini hivyo: kabla ya Desemba 2009, ulipotoka, wachezaji wengi hawakuwa wamewahi kuisikia studio hiyo ya Ufini.

Studio yenyewe ilianzishwa mwaka 2003 na wanafunzi walioshinda shindano la kutengeneza michezo ya simu. Katika miaka sita iliyofuata ilitengeneza michezo zaidi ya 50, mingi ikiwa kazi ya kuagizwa na kampuni nyingine, kwa hiyo jina lililoonekana sokoni mara nyingi halikuwa lake. Hapo ndipo historia ya studio nyingi ndogo hupotelea. Hii ilikaribia hata kufilisika.

Ukitaka kukagua madai ya aina hii, tazama orodha ya watengenezaji ndani ya mchezo, si jina la mchapishaji kwenye kasha. Kisha tafuta tarehe za michezo yao ya awali katika hifadhi za kurasa za zamani. Duka la programu pekee halitoshi, kwani michezo iliyoondolewa haionekani tena humo.