Saa 24 za kwenye tamthilia

Asubuhi moja mwaloni Kirumba, Mwanza, nilimkuta mama akingoja mtumbwi wa dagaa uliotoka na mwanawe usiku. Mitumbwi mingine yote ilisharudi, dagaa wameshaanikwa. Jirani akamwambia, "Mama, polisi hawapokei taarifa ya aliyepotea mpaka saa 24 zipite." Sheria hiyo kaiona kwenye tamthilia.

Si kweli, na imani hii inaumiza watu. Hakuna sheria Tanzania inayokutaka usubiri ndipo uripoti aliyepotea. Saa 24 zimo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, ila zinamhusu mtuhumiwa aliyekamatwa: afikishwe mahakamani au apewe dhamana, isipokuwa kwa kosa zito, kama la adhabu ya kifo.

Ziwani kila saa ina uzito. Mtumbwi uliozimika injini hausubiri pale ulipoonekana mwisho; upepo unausukuma. Nenda kituo cha polisi mapema, na picha ya aliyepotea. Askari ataandika taarifa akupe RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako), kisha maswali: alivaa nini, alikuwa na nani, simu ilizimika saa ngapi? Tamthilia huyaruka haya, na ndiyo kazi yenyewe.

Yule mama alikumbuka rangi ya fulana. Mengine ilibidi ampigie mwenye mtumbwi.