Msongamano Katika Nyumba za Kupanga: Lalamika Mapema, na Usiache Kulipa Kodi

Tangu mvua za masika zianze, wapangaji wamekuwa wakifika katika ofisi yetu ya afya ya umma kila asubuhi. Choo cha ploti kimefurika, maji taka yanapita mlangoni, chumba cha jirani kimejaa watu hadi wengine wanalala koridoni. Malalamiko hayo ni ya kweli na tunayashughulikia. Lakini wengi wanakuja wakiwa wameshachelewa. Mtu ameacha kulipa kodi miezi mitatu ili kumtia adabu mwenye nyumba, mlango umepigwa kufuli, vyombo viko ndani, na sasa anataka maafisa wa afya waende wamfungulie. Ufunguo huo sisi hatuna. Tungekuwa na la kufanya kama angekuja mwezi wa kwanza, choo kilipoanza kufurika.

Hivi karibuni tulikagua ploti moja ya ghorofa huku Eastlands, Nairobi. Kila ghorofa ina vyumba kumi na viwili, vyoo viwili, bafu moja na mfereji mmoja usiotoa maji kila siku. Chumba cha tatu tulichoingia kilikuwa cha futi kumi kwa kumi, kama wengi wetu tunavyovijua, yaani kama mita mraba 9.3. Humo alikuwa anaishi mama na watoto wanne, mdogo wake, na binamu wawili waliokuja mjini kutafuta kazi. Watu 8. Ukigawanya, kila mmoja anapata nafasi isiyotosha hata kutandika godoro la futi mbili na nusu kwa sita. Mchana magodoro yanasimamishwa ukutani. Kabati lilikuwa limeziba dirisha kwa sababu hapakuwa na pahali pengine pa kuliweka, na nilipopitisha mkono nyuma yake kiganja kilitoka na maji na weusi wa ukungu. Mtoto wa mwisho alikuwa amekohoa kwa wiki tatu.

Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, UN-Habitat, huhesabu chumba kuwa kimesongamana kikilaliwa na watu zaidi ya watatu. Najua wasomaji wengi wamelelewa katika vyumba vya watu sita na wakakua salama, na kila mkutano wa mtaa kuna mtu wa kuniambia hivyo. Sibishani na malezi ya mtu. Ninachosema ni kwamba kifua kikuu husafiri kwa hewa, na katika chumba kisicho na dirisha linalofunguka, mgonjwa mmoja asiyejijua huwapumulia wenzake usiku kucha, usiku baada ya usiku. Msimu wa baridi ukiingia, watu huingiza jiko la makaa ndani, wakafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa kitambaa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Halafu kuna soketi moja inayolisha jokofu, hita ya maji, televisheni na simu sita kwa waya wa kuunganisha uliopita chini ya godoro. Yule mtoto tulimpa barua ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na familia nzima ikaambiwa ipimwe. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali hayalipiwi, kwa hivyo gharama isiwe sababu ya mtu kukaa na kikohozi nyumbani.

Sasa nije kwenye sheria. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 118, inaihesabu kuwa kero nyumba ambayo imesongamana kiasi cha kudhuru afya ya wakaaji, na pia ile yenye kasoro ya mwanga au hewa, au isiyo na vyoo vya kuridhisha. Kifungu hicho hakitaji idadi ya watu kwa chumba. Afisa ndiye anayeangalia ukubwa wa chumba, madirisha, vyoo na watu waliomo, kisha anaandika alichokiona. Kwa hiyo usije ukitaka tukuonyeshe mstari unaosema "watu wanne basi". Njoo utueleze hali ilivyo, tutakuja na utepe wa kupimia.

Tukithibitisha kero, tunatoa ilani ya maandishi. Ilani humwendea aliyesababisha kero. Kama hajulikani alipo, humwendea anayekaa humo au mwenye nyumba. Lakini kero ikitokana na kasoro ya jengo lenyewe, kwa mfano choo kisichotosha, ukuta unaovuja au dirisha lililojengewa matofali, ilani ni ya mwenye nyumba, hata akisema ameshamkabidhi ajenti kila kitu. Ilani inataja kazi ya kufanywa na muda wake. Muda ukipita bila kazi kufanyika, tunapeleka lalamiko mbele ya hakimu, naye anamwita mhusika kortini. Kuna wenye nyumba wanaozibua choo asubuhi ya kesi na kudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kero iliyoondolewa baada ya ilani bado yaweza kufikishwa kortini ikionekana kwamba itarudi. Korti inaweza kuagiza kazi ifanywe na kutoza faini, na anayekaidi agizo hutozwa zaidi kwa kila siku anayoendelea kukaidi.

Hapa ndipo hofu inapoingia. "Nikiwaita watu wa afya, watafunga ploti nilale nje." Nimelisikia mara nyingi hadi nimechoka, kwa sababu linawafanya watu wanyamaze huku watoto wakiugua. Afisa wa afya hafungi nyumba kwa mkono wake. Korti pekee ndiyo yenye uwezo wa kutoa agizo la kufunga, na hilo hutolewa pale nyumba inapoonekana kuwa haifai kabisa kukaliwa na binadamu. Tena, korti ikitoa agizo hilo inaweza pia kuamuru kwamba kodi isidaiwe kwa kipindi chote agizo linapodumu. Nakiri kwamba kwa familia isiyo na pahali pa kwenda, agizo kama hilo ni zito hata kama kodi imesimamishwa, na ndiyo sababu tunapendelea ukarabati uanze mapema. Lakini wapo waliokufa kwa kukaa kimya. Tarehe 29 Aprili 2016, ghorofa ya kupanga huko Huruma, Nairobi, ilianguka usiku wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Ukiona nyufa zinapanuka, au nguzo inamwaga saruji, usingojee ilani yetu: toka na watu wako, kisha piga ripoti.

Turudi kwa kodi, maana ndipo haki za wengi hupotelea. Hali mbaya ya nyumba haikupi ruhusa ya kujiamulia kwamba hulipi. Ukiacha kulipa, mwenye nyumba anapata sababu halali dhidi yako, na malalamiko yako ya choo yanaonekana kama kisingizio cha mdaiwa. Lipa, weka risiti au ujumbe wa M-Pesa, na ulalamike kwa maandishi. Ujumbe wa simu wenye tarehe unatosha kuanzia.

Vilevile mwenye nyumba aelewe upande wake. Kupiga kufuli, kung'oa mlango, kutoa mabati au kukata maji ili mtu ahame si njia ya kudai deni. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na bado zipo nyingi katika mitaa ya mabati, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inamlinda mpangaji. Traibunali yake, yaani baraza linaloamua kesi za kodi chini ya sheria hiyo, inaweza kuagiza ukarabati, kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame ni kosa la jinai, na hata vyombo haviwezi kukamatwa kwa deni la kodi bila idhini ya traibunali. Kodi ikizidi kiwango hicho, usiseme huna sheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, anayepanga mwezi kwa mwezi anastahili ilani ya kuhama isiyopungua mwezi mmoja, hata kama hakuna mkataba ulioandikwa. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye nyumba aliyekodisha sehemu tu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja. Yaani ile ngazi isiyo na taa ni jukumu lake, si la mpangaji wa chumba cha mwisho.

Wengi hukimbilia kwa chifu. Si vibaya, chifu anaweza kuwakalisha mkaelewana. Lakini barua ya chifu si agizo la korti, na hakuna wa kukutoa nyumbani kwa barua hiyo.

Kuna jambo moja la nyumba za kushirikiana ambalo halizungumzwi. Mtu mmoja anapanga chumba kwa jina lake, kisha anaingiza wenzake watano wanaomlipa kila mmoja kwa usiku au kwa wiki. Akifanya hivyo bila ridhaa ya mwenye nyumba, chini ya Sura ya 296 amejitengenezea sababu ya kufukuzwa, na ilani ya msongamano inaweza kumwangukia yeye kwa kuwa ndiye aliyeusababisha. Kumkaribisha ndugu aliyetoka kijijini ni jambo lingine, na hakuna afisa wa afya anayekuja kuhesabu wageni wa Krismasi. Nawe unayelala kwa mwenzako, jua kwamba dalali akija kukamata vyombo kwa deni la huyo mwenyeji wako, Sheria ya Ukamataji Mali kwa Deni la Kodi, Sura ya 293, inakuruhusu kutoa tamko la maandishi kwamba vitu hivi ni vyako. Liambatanishe na orodha ya vitu vyenyewe. Tamko la mdomo mbele ya dalali mwenye haraka halitakusaidia.

Na kuhusu dipositi inayokataliwa kurudishwa baada ya kuhama, hilo haliko kwetu. Kuna Korti ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60 tangu kesi iwasilishwe. Huhitaji wakili. Piga picha za chumba siku unapoingia na siku unapotoka.

Ukija kwetu, njoo na jina la mtaa na namba ya ploti, namba ya simu ya keteka (mwangalizi wa ploti) au ajenti, na picha kama unazo. Si lazima ploti nzima iandamane nawe.

Katika ile ploti ya Eastlands tulirudi muda wa ilani ulipokwisha. Madirisha mawili yaliyokuwa yamejengewa matofali yalikuwa yamefunguliwa, na bomba la maji taka limebadilishwa. Binamu wawili walikuwa wamepata chumba chao ghorofa ya chini. Yule mama alitutolea risiti zake kutoka kwenye mfuko wa nailoni, zote, hata za miezi ambayo choo kilikuwa kimefurika, na alituambia mtoto ameanza dawa. Kabati lilikuwa limehamia nyuma ya mlango. Choo cha tatu kilikuwa kimejengwa lakini hakina mlango, nikaandika hivyo kwenye fomu, keteka akatia sahihi, na tukampa tarehe ya kurudi.