"Mbunge Wetu Hajajenga Barabara": Tunayoyaamini Kusini Kuhusu Bunge na Kura

Msimu wa korosho ukifika, watu hukaa nje ya maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea huku kusini mwa Tanzania, wakisubiri bei ya mnada. Siasa haikosi hapo. Nimekaa kwenye mabenchi hayo miaka mingi, na ninachosikia kina uchungu wa kweli ndani yake. Kinachoniuma ni kwamba lawama mara nyingi humwangukia asiyehusika, na anayehusika hupita salama.

"Mbunge gani huyu, miaka mitano hajajenga hata kalavati!"

Mbunge hajengi. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini; barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala mwingine wa Serikali, na fedha zake hupitia bajeti za wizara. Fedha anayoisimamia mbunge ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao kamati yake anaiongoza yeye. Mfuko huo unaweza kusaidia kuezeka darasa au kumalizia zahanati. Hauwezi kuweka lami kilomita 210 za Mtwara–Newala–Masasi. Tena Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge kupeleka bungeni kwa hiari yake hoja ya kuongeza kodi au kutumia fedha za Mfuko Mkuu, yaani kapu kuu la Serikali. Pendekezo lazima litoke kwa Rais, kupitia waziri. Kwa hiyo mgombea anayepanda jukwaani Nanyamba na kusema "nitawajengea" anaahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake.

Kilicho mkononi mwake kimeandikwa katika Ibara ya 63: kuwauliza mawaziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, na kutunga sheria. Kwa mkulima wa korosho hilo si somo la darasani. Hadi mwaka 2018, sheria ilitaka asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje irudi kuendeleza zao lenyewe. Mwaka huo Serikali ikaleta mabadiliko kupitia Muswada wa Sheria ya Fedha ili ushuru wote uingie Mfuko Mkuu. Wabunge wa Kusini, wa CCM kwa wa upinzani, walisimama wakapinga kwa sauti kubwa. Muswada ukapita.

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba kelele zile zilikuwa maigizo. Mimi naona hesabu. Majimbo ya Lindi na Mtwara kwa pamoja hayafiki ishirini, ndani ya Bunge lenye mamia ya wabunge. Mbunge akifukuzwa uanachama na chama chake, kiti kinaondoka naye, kwa Ibara ya 71. Bunge zima likikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja, wote warudi kuomba kura upya. Ukiyaweka hayo matatu pamoja, utaelewa kwa nini hoja nzito inaweza kushindwa mchana kweupe.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mbunge akija mnadani si "umetuletea nini?" Ni: ulisema nini kwenye kamati kabla muswada haujafika ukumbini? Ulimbana waziri gani, kwa swali lipi? Na kwenye bajeti kuu ulipiga kura gani? Kura hiyo haina siri, kila mbunge huitwa kwa jina na kujibu. Maneno yake yote ya ukumbini yamo kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na mwenye simu anaweza kuisoma akiwa Liwale.

"Akihama chama, anahama na kiti chake."

Hapana. Mbunge wa Liwale alipotoka CUF kwenda CCM mwaka 2018, kiti kilikuwa wazi. Ilibidi uitishwe uchaguzi mdogo Oktoba mwaka huo, akarudi bungeni kwa tiketi mpya. Na mgombea asiye na chama Katiba haimtambui kabisa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ilishatamka mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki.

"Waziri Mkuu Rais anamchukua yeyote."

Watu wa Ruangwa wangepaswa kuwa walimu wetu hapa. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, kutoka chama chenye wabunge wengi, kisha Bunge limthibitishe kwa kura. Ruangwa wangemwangusha Kassim Majaliwa Oktoba 2015, jina lake lisingeweza kusomwa bungeni Dodoma kuwa Waziri Mkuu mwezi uliofuata.

"Wale wa viti maalumu wameteuliwa na Rais."

Rais huteua wabunge wasiozidi 10. Viti maalumu vya wanawake ni habari nyingine. Vinagawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge nchini, kila chama kwa uwiano wa kura zake. Nasisitiza kura za ubunge, si za urais. Maana yake ukimpigia mgombea ubunge akashindwa hapa Mtwara Mjini, kura yako imeendelea kufanya kazi.

"Rais lazima avuke nusu ya kura."

Ilikuwa hivyo hadi mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Sasa anayewazidi wenzake ndiye mshindi. Matokeo ya ubunge unaweza kuyapinga Mahakama Kuu. Ya urais, yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, Ibara ya 41 inazuia mahakama yoyote kuyachunguza. Naiona ibara hiyo kuwa kasoro kubwa, na nimelisema hilo mbele ya wazee wangu wa CCM bila kuogopa.

"Nilijiandikisha kwenye uchaguzi wa kijiji, inatosha."

Hili linawanyima kura wengi. Uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji, kama ule wa Novemba 27, 2024, uliendeshwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na orodha yake huandikwa kwa ajili ya uchaguzi huo tu. Uchaguzi Mkuu hutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililo chini ya Tume. Jina kuwemo kwenye orodha moja hakulipeleki kwenye nyingine.

Na kadi haihami pamoja na mwenye kadi. Vijana wetu wanaochuuza Kariakoo wengi waliandikishwa huko huko. Uchaguzi Mkuu huwa Oktoba, wakati mikorosho inaangusha na wao wamerudi nyumbani kuokota. Kijana wa Mchinga aliyeandikishwa Ilala atamchagua mbunge wa Ilala au hatapiga kura kabisa, isipokuwa alihamisha taarifa zake Tume ilipopita kuboresha Daftari, miezi mingi kabla ya kampeni kuanza.