Mkazi Asiyeweza Kusema Anaumwa: Kwa Wasimamizi Wapya wa Nyumba za Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili

Hapa Massachusetts, Marekani, Waswahili wengi wameingia kazi ya nyumba za kuishi pamoja kwa mlango wa shifti za usiku. Ni nyumba za kawaida mtaani, ambamo watu wazima wachache wenye ulemavu wa akili au wa ukuaji wanaishi wakihudumiwa saa 24. Baada ya muda mtu anakabidhiwa funguo na kuambiwa kuanzia leo yeye ndiye msimamizi. Kuogesha anajua, kulisha anajua, dawa anagawa. Ambacho mara nyingi haambiwi ni kwamba kazi yake kubwa sasa ni kuhakikisha badiliko dogo la mkazi halipotei kati ya shifti moja na nyingine.

Nyumba hizi hazikuletwa na huruma ya serikali. Zililetwa na kesi. Mwaka 1972 Benjamin Ricci, ambaye mwanawe aliishi Belchertown, taasisi ya jimbo ya watu wenye ulemavu wa akili, alikwenda mahakamani kwa sababu ya hali mbaya ya waliofungiwa humo. Kesi ikaangukia mikononi mwa Jaji Joseph Tauro, ambaye alikwenda kujionea mwenyewe, na jimbo likalazimika kubadilika. Belchertown ilifungwa mwaka 1992. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Olmstead, iliamua kwamba kumweka mtu katika taasisi bila sababu, ilhali anaweza kuishi mtaani, ni ubaguzi. Kwa hiyo mkazi yuko pale kwa haki yake. Sisi ndio tunaoingia kwake kufanya kazi.

Sasa tuje kwenye yanayoua. Wauguzi wa fani hii huzungumzia hatari tano: chakula au mate kuingia kwenye mapafu, upungufu wa maji mwilini, kufunga choo, kifafa, na maambukizi yanayosambaa kwenye damu. Kila moja huanza kimyakimya, na zote zinaweza kuwahiwa.

Chukua kufunga choo, ambako wengi hukuchekea. Mkazi wa miaka hamsini na kitu, asiyesema, Ijumaa jioni anasukuma sahani. Mhudumu anaandika: "Amekataa chakula." Jumamosi anajipiga kichwani, na mhudumu mwingine anaandika: "Amekuwa mkorofi leo." Usiku wa manane mhudumu wa tatu anaandika: "Amelala vizuri," ingawa mtu huyo alikuwa macho, amejikunja kitandani. Hakuna aliyesoma maelezo ya mwenzake. Fomu ya haja kubwa ina visanduku vitupu tangu Alhamisi, na kila mmoja amedhani mwenzake alisahau tu kujaza. Jumatatu anapigiwa simu daktari wa magonjwa ya akili ili aongeze dawa ya kumtuliza. Baadhi ya dawa hizo hizo ndizo zinazofanya utumbo uwe mzito na choo kifunge. Mtu anaweza kufa hivyo, utumbo umeziba, huku karatasi zinasema ni tabia.

Kwa hiyo kisanduku kitupu kisikubaliwe. Kama hakupata choo, iandikwe hakupata. Agizo la daktari liseme wazi ni baada ya siku ngapi apewe nini, na isipofanya kazi nani apigiwe simu. Na kabla ya kumwita mtu mkorofi, ukaguzi uanzie mwilini: meno, masikio, mkojo, tumbo. Mtu mwenye Down syndrome, aina ya ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, naye akianza kupotea njia ndani ya nyumba aliyoizoea, apelekwe kwa daktari. Wao hupatwa na ugonjwa wa Alzheimer mapema kuliko watu wengine, wengine wakiwa kwenye miaka ya hamsini.

Mezani, wa kuogopwa ni mhudumu wa kuazimwa, aliyeletwa kujaza pengo la Jumapili. Hajui kwamba mkazi fulani hula chakula kilichosagwa tu. Anampa mkate na siagi ya karanga kwa nia njema kabisa. Maelekezo ya chakula yakae pale chakula kinapotayarishwa, na mgeni aelezwe kwa mdomo kabla hajashika kijiko. Kukohoa wakati wa kula, sauti ya majimaji kooni na homa zinazorudirudi ni habari za kumfikishia muuguzi siku hiyo hiyo.

Kuhusu dawa, mafunzo ya MAP, ule mpango wa jimbo wa ugawaji dawa, mmeyapata, sitayarudia. Ila acheni mtindo wa kutia sahihi ya saa mbili usiku saa kumi na mbili jioni "ili kupunguza kazi". Na dawa zinazodhibitiwa kisheria zihesabiwe na watu wawili, anayetoka na anayeingia, wakitazama vidonge vyenyewe, si namba ya jana.

Makosa mengi ya aina hii hutokana na uchovu. Najua kodi za nyumba za huku, na najua kuna karo inayosubiriwa Kisii au Moshi. Lakini aliyepiga dabo, kisha akaomba shifti ya tatu, hatasikia mtu akipaliwa chumba cha pili. Msimamizi anayemkubalia kwa sababu hana mtu mwingine amehamishia tatizo la ratiba kwenye mwili wa mkazi. Mpigie bosi wako simu, hata kama atakasirika.

Fedha za wakazi ni jambo fupi. Wengi hutegemea SSI, malipo ya serikali kuu kwa wenye ulemavu na wazee wa kipato kidogo, na mwenye SSI akiwa na akiba inayozidi dola 2,000 anaweza kupoteza malipo hayo. Kila matumizi yawe na risiti. Kumkopa mkazi dola 20 mpaka Ijumaa ni unyonyaji, hata ukirudisha.

Kanuni ya serikali kuu ya mwaka 2014 inampa mkazi haki ya kula anapotaka, kupokea wageni na kufunga mlango wa chumba chake. Ukikuta friji ina kufuli, uliza imeandikwa wapi kwenye mpango binafsi wa mkazi, ule wa ISP, na kwa sababu gani. Na hili la kuwaita "watoto wangu" tuliache. Mzee wa miaka 62 ambaye nyumbani ungemwamkia shikamoo hageuki mtoto kwa sababu unamfunga kamba za viatu.

Ukishuku mkazi anateswa au anatelekezwa, sheria inakutaka utoe taarifa. Aliye kati ya miaka 18 na 59, simu hupigwa DPPC, tume ya jimbo ya kulinda watu wenye ulemavu, saa yoyote. Wa miaka 60 na kuendelea, simu hupigwa huduma ya kuripoti unyanyasaji wa wazee. Huhitaji ushahidi, sababu ya kushuku inatosha. Kumwambia bosi peke yake hakukuondolei wajibu huo, na mhudumu wako anayetaka kupiga simu hahitaji ruhusa yako.