Kamera ya laptopu haionyeshi kitu: jua kwanza kama kompyuta inaiona

Juzi Jumatatu aliingia kwenye karakana yangu mama mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, laptopu ameifunga ndani ya khanga. Binti yake yuko Muscat, amejifungua, na kila jioni hupigiana simu za video.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mie namwona yeye na mtoto, wao hawanioni. Waniambia giza tupu."

Alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine kwamba kamera imeungua na lazima anunue kioo kizima. Nikafungua programu ya kamera. Kitaa kando ya lenzi kikawaka, picha ikaja nyeusi tii. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa juu wa kioo, kijiplastiki chembamba kuliko punje ya mchele kikasogea pembeni, na uso wa mama ukatokea. Kilikuwa kifuniko cha lenzi tu. Huenda alikisukuma siku anafuta vumbi.

Sikumtoza kitu. Ila niliumia nikifikiria fedha ambazo angezitoa, ndiyo maana nimekaa kuandika haya.

Kamera iliyomo ndani ya laptopu, kwa mashine nyingi, ni kifaa cha USB kama flashi unayochomeka pembeni, isipokuwa hii imechomekwa ndani. Waya wake ni mwembamba, unatoka kwenye bodi kuu, unapita kwenye bawaba na kupanda hadi juu ya kioo. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku zote ni moja: kompyuta inaiona kamera, au haiioni? Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Itakuja orodha ya vifaa vyote. Tafuta kundi la kamera. Kwenye matoleo ya zamani huwa limechanganywa na skana.

Ukiikuta imo, weka bisibisi chini. Waya ni mzima na umeme unafika. Kilichobaki ni kifuniko kama cha yule mama, ruhusa, au draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kamera. Ikiwa na alama ya mshale wa kuelekea chini, kuna mtu aliizima. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, uiwashe. Kisha nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya faragha, halafu kamera. Hapo watu wengi hukwama, kwa sababu vibali ni zaidi ya kimoja: kipo cha kompyuta nzima, kipo cha programu za kwenye duka la Microsoft, na chini kabisa kipo cha programu zilizopakuliwa kwingine, zikiwemo vivinjari na Zoom ya kawaida. Hicho cha chini kikiwa kimezimwa, kamera itafanya kazi kwenye programu moja na kugoma kwenye nyingine, na mwenye mashine ataapa kwamba imeharibika. Kivinjari nacho kina kibali chake kwa kila tovuti, na tovuti isiyoanza na https hakiipi kamera kabisa. Kwa wenye Mac, kibali cha kila programu kimekuwepo tangu macOS Mojave ya mwaka 2018.

Angalia pia kama kuna programu nyingine imeishikilia kamera. Mtu anamaliza kikao, anafunga dirisha, lakini programu yenyewe bado iko hai pale chini karibu na saa.

Alama ya pembetatu ya njano ni habari ya draiva. Ifute kamera kwenye ile orodha, zima mashine, washa tena. Mara nyingi Windows huirudisha yenyewe. Kama ilikufa mara tu baada ya masasisho, rudisha draiva ya zamani, kwa maana masasisho nayo huharibu: lile la Windows 10 la Agosti 2016 lilizigandisha kamera nyingi duniani hadi Microsoft walipotoa marekebisho.

Sasa tuseme haimo kwenye orodha, au programu ya kamera inakupa namba 0xA00F4244, ambayo maana yake ni kwamba hakuna kamera iliyopatikana. Hata hapa usikimbilie kufungua. Tazama vitufe vya juu, kimoja huenda kina mchoro wa kamera. Kibonyeze pamoja na Fn. Papasa ubavuni mwa mashine, baadhi zina swichi inayokata umeme wa kamera kabisa, hivyo inatoweka kwenye orodha kama haijapata kuwepo. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, uone kama imezimwa huko. Laptopu zilizotoka maofisini hufika zikiwa hivyo. Halafu fanya hili: zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, uiwashe upya. Nimeona kamera nyingi zikirudi kwa hilo peke yake.

Zikishindikana zote, tunakuja kwenye waya, na hapa Tanga waya una adui wake. Upepo wa bahari unaingia na chumvi yake hadi vyumbani, na masika unyevu haukauki. Mwalimu mmoja wa Raskazone aliniletea laptopu yake ambayo kamera inakuja ukikilaza kioo nyuma na kupotea ukikisimamisha. Dalili hiyo, ya picha kukatika unapokisogeza kioo, ni ya bawaba. Nilichomoa betri kwanza. Hili nalisisitiza, maana kwenye mashine nyingi waya wa kamera umefungwa pamoja na waya wa kioo, wenye umeme wa taa zake. Ukiuchomoa waya huo betri ikiwa bado imeunganishwa, unaweza kuchoma fyuzi ya bodi, na tatizo dogo likawa kubwa. Nikaulegeza ukingo wa plastiki kwa kadi ya zamani ya simu, taratibu, kona kwa kona. Kamera yenyewe ni kipande chembamba cha bodi mfano wa kijiti cha kiberiti. Kwenye soketi yake, pini mbili zilikuwa na kutu ya kijani. Nikazisugua kwa mswaki laini uliochovywa spiriti safi, nikaziacha zikauke. Kamera ikaonekana kwenye orodha, lakini nilipoinamisha kioo ikapotea tena. Kumbe na waya ulikuwa umechubuka pale unapojikunja. Tukaagiza waya mpya Dar es Salaam, ukaja na basi siku ya tatu.

Ukilazimika kununua kamera nyingine ya ndani, peleka ile ya zamani ukalinganishe namba zilizoandikwa nyuma yake. Usiridhike na kufanana kwa umbo. Zipo za volti 5 na zipo za volti 3.3, na mpangilio wa waya hutofautiana hata kwa laptopu za kampuni moja. Kumbuka pia kwamba mara nyingi maikrofoni zimo kwenye kipande hichohicho cha bodi, kwa hiyo mteja akisema picha na sauti vimekufa siku moja, nakitazama hicho kabla ya kitu kingine.

Picha yenye ukungu ni jambo tofauti, kamera ni nzima. Pangusa lenzi kwa kitambaa cha miwani. Ukungu ukiwa ndani ya kioo, utauona asubuhi kuliko mchana. Basi usiihifadhi mashine karibu na dirisha linalotazama bahari.

Na kama mashine ni ya zamani na kipuri hakipatikani, nunua kamera ya nje ya USB. Ichomeke palepale dukani, ijaribu kwa programu unayoitumia wewe, ndipo ulipe.